Filme gani inaogopesha kweli?

Jumamosi jioni nilipeleka simu yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na soko, hapa Likasi. Kibanda chake kina kazi mbili: anatengeneza simu na anauza filme. Unamletea flashi, anakujazia filme kumi kwa bei ndogo. Nilikuta vijana watano wamesimama pale wakibishana kwa sauti kubwa, nikadhani ni mambo ya mpira. Kumbe walikuwa wanabishana kuhusu filme za kuogopesha. Mmoja alisema The Nun ni kiboko, hakuna inayoipita. Mwingine alicheka, akasema ile ni ya kutishia watoto wa shule ya msingi. Wa tatu aliapa kwamba alitazama The Conjuring usiku wa manane peke yake na hakusikia kitu. Halafu mmoja alitambua sauti yangu, maana sisi wa redio watu wanatujua kwa sauti kuliko kwa sura, akaniuliza: "Yaya, na weye? Filme gani ilikuogopeshaka?"

Nilijibu kwa mzaha, nikachukua simu yangu, nikaenda. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani. Kazi yangu ni kuuliza wengine maswali, na najua mtu anayekwepa swali anavyosikika. Mimi nilikwepa. Basi hapa ninajaribu kulijibu vizuri, ingawa kuna sehemu ya jibu hili ambayo hainipi sifa.

Mimi ni mtoto wa Kikula. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi, filme tulizitazamia katika nyumba ya video: chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, televizyo moja juu ya meza, na jenereta inanguruma inje. Kasete nyingi za Nigeria zilitufikia kwa njia ya Zambia, na zilikuwa kwa Kiingereza, luga ambayo karibu hakuna mtu aliyeisikia mule ndani. Kwa hiyo mtu mmoja alikaa kando ya televizyo na mikro, akatafsiri kwa Kiswahili chetu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kazi hiyo ina mabingwa wake katika nchi za jirani: Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Wa kwetu hakuwa na jina kubwa, lakini alijua kitu kimoja muhimu: alijua wakati wa kunyamaza. Mtu wa kwenye filme akianza kuukaribia mlango, yeye alishusha mikro. Chumba kizima kilikuwa kimya, ukasikia jenereta tu.

Pale ndipo nilipotazama Karishika, filme ya Nigeria ya miaka ya 1990, ambamo mwanamke anatumwa kutoka kuzimu kuja duniani kukusanya roho za watu. Ukiitazama leo utacheka. Moto wake unaonekana wazi kwamba umebandikwa juu ya picha. Lakini katika chumba kile hakuna aliyecheka, na wakati wa kurudi nyumbani tulitembea tukishikana mikono, wavulana kwa wasichana, hata wale waliokuwa wamegombana asubuhi.

Kuna filme nyingine ambayo sikuimaliza. Tulikuwa kwa jirani, watoto kama kumi na wawili sakafuni. Mwanamke alikuwa ameshika kitasa cha mlango, muziki umepungua, na hapo umeme ukakatika. Ulirudi kesho yake mchana, na kasete ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe. Kwa majuma mengi kila mtoto aliweka kitu chake nyuma ya mlango ule. Dada yangu aliweka maiti. Mtoto wa jirani aliweka mbwa mwenye uso wa mtu. Mimi niliweka kitu kisichokuwa na sura, kinachopumua tu. Mwaka jana kijana yule wa flashi alinipatia filme ile, nikaifungua haraka niende kwenye mlango. Nyuma yake kulikuwa na mwanaume mmoja aliyepakwa unga mweupe usoni. Nilisikitika kama mtu aliyeibiwa.

Tangu siku ile ya umeme kukatika ninaamini kwamba mtengenezaji wa filme akikuonyesha kila kitu, anakupumzisha. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa Jaws, filme ya papa anayekula watu. Papa wao wa mashine aliharibika mara nyingi wakati wa kupiga picha, ikabidi waonyeshe maji tu na kupiga muziki. Ajali ile ndiyo iliyoifanya filme kuwa nzuri. Sisi wa Likasi tuko mbali sana na bahari, lakini kitu cha kuogopesha kisichoonekana tunakijua. Karibu na mji wetu kuna Shinkolobwe, mahali palipotoka sehemu kubwa ya madini ya uraniamu yaliyotumiwa kutengeneza bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Kila mzazi hapa anamkataza mtoto wake kwenda kule, na akiulizwa kuna nini, hana cha kuonyesha. Hakina rangi, hakina harufu. Katika maporomoko ya Julai 2004 wachimbaji walikufa kule, na hiyo angalau ilionekana. Ile nyingine, ya mawe yenyewe, haionekani, na wazee wanaiogopa kuliko mashimo.

Sasa niende kwa zile ambazo kwangu zimesifiwa kupita kiasi.

The Nun ilitoka mwaka 2018 na iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani. Ina mtawa mwenye uso mweupe na macho ya njano anayetokea gizani, na kila akitokea kuna kelele kubwa. Nilishtuka mara sita au saba. Lakini Kiswahili chetu kinatenganisha kushtuka na kuogopa, na ni vizuri kulinda tofauti hiyo. Gurudumu la lori likipasuka kwenye barabara ya Lubumbashi utashtuka, utashika kifua, na dakika mbili baadaye utakuwa unanunua ndizi. Kuogopa ni kitu kinachobaki. Ninyi wenye filme hiyo kwenye simu jaribuni hivi: ifungeni sauti kabisa, halafu muitazame. Itabaki mama mmoja aliyevaa kanzu nyeusi, anatembea polepole kwenye korido. Kwa sisi tuliosomeshwa na masista, mtawa wa kweli wa kuogopesha ni yule anayesimama kwenye lango la shule saa moja na dakika tano akiwa na daftari ya waliochelewa.

Ninasema hivi kama mtu wa redio. Sauti ndiyo inafanya zaidi ya nusu ya kazi katika filme hizi, na wanaozitengeneza wanalijua hilo. The Exorcist, ya mwaka 1973, ilipata tuzo mbili za Oscar, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya sauti.

The Exorcist ndiyo iliyonifundisha jambo la pili. Vitabu vinasema kwamba ilipotoka Marekani watu walizimia katika majumba ya sinema, wengine walitoka mbio. Mimi niliitazama Lubumbashi nilipokuwa ninasomea uandishi wa habari, sisi wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Tuliizima taa, tukangojea kuogopa. Mtoto wa kike ameingiwa na pepo, anaongea kwa sauti ya mwanaume, kitanda kinatikisika, mapadri wawili wanaleta maji ya baraka. Katikati ya hapo rafiki yangu mmoja aliuliza kwa ukweli kabisa: "Sasa juu ya nini bapadri ni babili tu? Bakristu bengine beko wapi?" Tukacheka, na filme ikawa imekwisha palepale. Sisemi kwamba ni mbaya. Imetengenezwa kwa ufundi mkubwa. Lakini habari yake kubwa, kwamba pepo anaweza kumwingia mtoto wa watu, kwao ilikuwa habari mpya. Kwetu ilikuwa imeandikwa kwenye bango la kanisa kila pembe ya kartie, na saa za maombi chini yake. Kwa hiyo filme moja inaweza kumzimisha mtu wa New York na kumchekesha mtu wa Lubumbashi, na wote wawili wako sawa. Kila mmoja alikuja na hofu yake kutoka nyumbani, na filme iligusa ya mmoja, ikakosa ya mwingine.

Hofu ya nyumbani kwetu mimi niliipokea kwa nkambo wangu, mama wa mama. Alikua wakati mji huu unaitwa Jadotville, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Jioni, tukikaa karibu na mbabula ya makala, alitusimulia batumbula. Hao walikuwa watu wanaotumwa na Wazungu kukamata weusi usiku. Ukikamatwa, alisema, unafichwa chini ya ardhi, unalishwa mpaka unenepe, unageuka sawa nguruwe, halafu unaliwa. Hakuwa na pembe wala moto katika habari yake. Alikuwa na gari, shimo, taa, na mtu anayekuita kwa sauti nzuri. "Batumbula habaulizake jina," alituambia, na hakuna mtoto aliyetaka kwenda chooni peke yake.

Nilidhani ni habari ya Likasi tu. Kumbe pwani ya Mombasa na Dar es Salaam walikuwa na mumiani, wanaonyonya watu damu ili itengenezwe dawa. Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto, wakisema gari lile jekundu halikuja kuzima moto tu. Mwanahistoria Luise White alikusanya habari hizi katika kitabu kizima, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, na shaba yetu, ya Katanga na ya Zambia, imo. Hata wachoraji wetu walizijua. Tshibumba Kanda Matulu, yule wa Lubumbashi aliyechora historia ya Congo katika miaka ya 1970, alichora Simba Bulaya, simba wa Ulaya, wale wawindaji wa watu. Sisemi kwamba nguruwe wale walikuwepo. Ninasema kwamba mtu anayeshuka shimoni kila siku kwa faida ya mwingine, anayepimwa, anayechomwa sindano, anayeandikwa namba, ana sababu ya kuamini kwamba kuna mtu anayeula mwili wake.

Kwa sababu hiyo filme ya Marekani iliyoniogopesha kuliko zote ni Get Out, ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Kwanza niliisikia kabla ya kuiona: niko jikoni, filme inaanza chumbani, nikasikia watu wanaimba kwa Kiswahili. Nilidhani ni redio ya jirani. Nilirudisha nyuma mara tatu. Ni kweli, wimbo wa mwanzo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na kwa anayesikia Kiswahili ni onyo: ndugu, kimbia. Marekani nzima iliketi kutazama bila kujua kwamba onyo limeshatolewa. Sisi tulikuwa tunajua kabla ya kijana mwenyewe, ambaye anachezwa na Daniel Kaluuya, mtoto wa wazazi wa Uganda. Anakwenda kutembelea wakwe wazungu. Wanamkaribisha vizuri, wanamsifu mwili wake, wanamnywesha chai, wanatabasamu. Nia yao ni kuuchukua ule mwili.

Nilimweleza mama filme hiyo kwa simu, kipande kwa kipande. Alinyamaza kidogo, akasema: "Ile si ni batumbula? Kumbe na Amerika beko?"

Kama ningeishia hapa, jibu langu kwa vijana wa kibandani lingekuwa rahisi: filme inayoogopesha kweli ni ile inayokuta hofu tayari iko nyumbani kwako, ikaiamsha. Ninaamini hivyo. Lakini ni nusu ya jibu, na nusu hiyo nyingine ndiyo niliyoikwepa Jumamosi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama mudogo wetu alifariki Kolwezi. Mtoto wake wa kiume, wa miaka minane, aliletwa kwetu na mfuko mmoja wa plastiki. Alilala pamoja nami kwenye mkeka mmoja. Alikuwa anaongea usingizini. Wakati mwingine alilowesha mkeka. Mwaka ule ulikuwa mbaya: mshahara wa baba ulikuwa umepita miezi bila kuja, sawa katika nyumba nyingi za hapa, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na homa inayokwenda na kurudi.

Jioni moja tulitazama kwa jirani filme ambayo jina lake sikulijua. Ndani yake kulikuwa na mtoto mulozi. Mchana alikuwa mpole, usiku roho yake ilitoka kwenda kukutana na wenzake, wakala nyama ya watu, wakafunga kazi ya baba, wakatia ugonjwa kwa watoto wa nyumba. Mtu wa mikro hakutafsiri tu. Kila mara alisimama na kusema kwamba mambo haya ni ya kweli, yanafanyika hata hapa, angalieni vizuri ndani ya nyumba zenu. Filme haikuwa na ufundi. Lakini hakuna The Nun wala The Exorcist inayoweza kusimama karibu yake, maana kila kitu ilichokitaja kilikuwa nyumbani kwetu: mshahara usiokuja, mtoto mwenye homa, na mtoto mgeni anayeongea usiku.

Kesho yake, tumekaa tunakula bukari na sombe, mimi ndiye niliyesema: "Huyu naye anaongeaka usiku, sawa yule wa mu filme."

Nilisema kama mtoto anayetaka watu wazima wamtazame. Hakuna aliyenijibu. Mikono ilisimama juu ya sahani. Tangu jioni ile, mtoto yule alipewa sahani yake peke yake, akakaa nayo karibu na mlango. Baada ya siku chache alipelekwa katika chumba kimoja cha maombi, akafungishwa chakula siku tatu, akaulizwa usiku na mchana amekula nani. Siku ya tatu alikubali. Mtoto wa miaka minane mwenye njala atakubali kila kitu. Aliporudi nilikuwa ninamwogopa kweli, ninalala nikiwa nimegeuza uso ukutani.

Aliyemaliza jambo hilo ni nkambo. Alikuja kutoka Kambove, kwa miguu na kwa lori, mtu wa zamani asiyekwenda shule. Hakupiga kelele. Alimtazama mtoto macho na mikono, akasema: "Huyu hana na bulozi. Iko na njala, iko na huzuni." Akamchukua, akaenda naye.

Nimefikiri sana juu ya nkambo. Alikuwa mtu wa kuogopa. Mpaka kufa kwake hakupanda gari la mtu asiyemjua usiku. Kwa nini aliyeamini batumbula hakumwamini mtoto kuwa mulozi? Nadhani ni kwa sababu ya upande ambao hofu yake ilikuwa inatazama. Batumbula ni habari ya mtu mnyonge anayemchunguza mwenye nguvu: mwenye gari, mwenye mgodi, mwenye sindano. Inamwambia mtoto ajilinde. Filme ile ya jioni yetu iliwafundisha wenye nguvu katika nyumba, yaani baba, mama, pastere, na hata mimi mwenye miaka kumi na mmoja, kumwogopa aliye mdogo kuliko wote, asiye na mama wa kumtetea. Zote mbili zinaogopesha. Lakini ile ya kwanza inakufanya ufunge mlango mtoto akiwa ndani. Ya pili inakufanya umweke inje.

Hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1999 Nigeria ilitoka filme End of the Wicked, iliyotengenezwa na Helen Ukpabio, mhubiri ambaye naye anacheza ndani yake. Inaonyesha watoto wakikutana usiku mbele ya Belzebuli na kupewa kazi ya kuharibu familia zao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu sana, wakisema filme za namna hiyo zinawapa wazazi ushahidi wa uongo juu ya watoto wao. Yeye alijibu kwamba ni filme tu, na kwamba anahubiri imani yake. Mimi ninayajua maneno hayo, "ni filme tu". Ni kweli kwa The Nun. Hayawezi kuwa kweli kwa filme ambayo mtu amesimama kando yake na mikro akisema haya ni mambo ya nyumbani kwenu.

Nchi yetu imeandika jambo hili katika sheria. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto na inataja waziwazi kumsingizia ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya gereza. Nimeshasoma vifungu hivyo kwenye redio, na bado watoto wanaendelea kutolewa katika nyumba za ndugu zao. Karatasi haiwezi kushindana na hofu ya saa tatu usiku, kama hakuna mtu mzima mmoja anayesema hapana, sawa nkambo alivyosema.

Miaka hii mtu mmoja wa kwetu ametengeneza filme ya upande wa pili. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitoa Augure mwaka 2023, ikapata tuzo katika tamasha la Cannes. Kijana anayeitwa Koffi anarudi Congo kutoka Ubelgiji kuwaonyesha wazazi mchumba wake. Alizaliwa na alama usoni, na familia yake tangu zamani inasema ni alama ya shetani. Anamshika mtoto mchanga wa dada yake mikononi, na bahati mbaya pua yake inatoka damu, damu inamdondokea mtoto. Ndivyo tu. Pua imetoka damu. Lakini wote wanaokaa pale wanageuka, na unaona katika macho yao kwamba hukumu ilikuwa tayari kabla ya damu. Duniani hawaiuzi kama filme ya kuogopesha. Mimi niliisimamisha hapo, nikatoka inje kupumua.

Mtoto yule wa mkeka wangu leo ni mtu mzima, anaendesha lori la mgodi upande wa Kolwezi, ana mke na watoto wawili. Akipita Likasi anashukia kwangu. Mwezi uliopita alifika, tukatazama filme moja ya mizimu kwenye kompyuta yangu, tukaicheka pamoja. Nikaona ni wakati. Nilimuuliza swali lile la vijana: filme gani ilikuogopeshaka?

Alifikiri. Akasema: "Filme hapana. Njo ile siku mulianza kunipatia sahani yangu peke."

Nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema lile neno mezani. Alikuwa anajua. Miaka yote alikuwa anajua. "Weye ulikuwa mutoto," alinijibu. "Bakubwa njo balisikiliza." Halafu akauliza kama chakula kimeiva.

Kwa hiyo, vijana wa kibandani, jibu langu ni hili. Kama filme imekushtua, na asubuhi umekwisha kuisahau, umepata unachostahili kwa pesa yako, usiisifu kupita hapo. Kama imekuachia mlango usiofunguliwa katika kichwa chako, hiyo ni filme nzuri, ilinde. Lakini mkitoka kuitazama, angalieni imewaachia nani wa kumwogopa. Kama ni mwenye nguvu, chungeni. Kama ni mtoto aliyelala karibu nanyi, filme hiyo imedanganya, hata kama imewatetemesha kuliko zote. Na wazazi, msiwaache watoto peke yao na wanaosimama kando ya picha kusema kwamba yote ni ya kweli. Kaeni nao, na mjibu.

Siku ile niliweka bukari katikati, sahani moja kubwa, sombe kando. Tulinawa, tukala kutoka sahani ile mpaka ikaisha. Umeme ulikatika kabla hatujamaliza, na hakuna aliyeinuka kutafuta mshumaa.